Sanamu ya Futi Saba Isiyo Kitu Chochote

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Bwana Pembe alishuka kwenye lori la idara ya ujenzi akiwa amekumbatia sanduku la viatu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai ya kuatamiwa. Alilitua juu ya rundo la matofali mabichi, akalifunua, na ndani hamkuwa na viatu. Mlikuwa na kitu cha plasta nyeupe: visanduku vitano vimepandana, kimoja kimechomoza kulia, kingine kimechomoza kushoto, kama kabati lililopekuliwa na mwizi mwenye haraka. Kila kisanduku kilikuwa na mpasuko mrefu ubavuni, mfano wa dirisha, na chini kabisa kulikuwa na miguu minne myembamba ambayo isingembeba hata kuku.

Fundi Mhando, mkuu wa tanuru letu, aliinamisha kichwa, akakitazama upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Muulize ni nini," akaniambia.

Nikauliza. Bwana Pembe alieleza kwa muda mrefu, mikono ikipanda na kushuka. Alisema kwamba siku hizi huko kwao majengo hayana tena mapambo, yana umbo tu. Hii ni sanamu ya udongo wa kuchoma, lakini si sanamu ya mtu wala ya mnyama, wala si mfano wa nyumba yoyote. Ni umbo lenyewe, lililopata roho yake kutoka kwenye majengo ya kisasa. Nilitafuta namna ya kuyafupisha hayo bila kumpunja.

"Anasema si kitu chochote," nikamwambia Fundi.

"Na hicho kisicho kitu chochote kiwe na urefu gani?"

"Futi saba."

Fundi Mhando akarudi kwenye kuni zake. "Basi ni kazi ya serikali," akasema.

Ninyi mnaobaki karakanani mmeniomba, sasa nimestaafu, niandike habari za miaka yangu ya kazi. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilipandishwa mara tatu, na kila mara koleo lilibaki lile lile. Kuhusu mshahara nina machache zaidi, kama mshahara wenyewe. Nitaandika yale yanayoweza kuwafaa: udongo, moto, na jinsi ya kumsikiliza mkubwa mwenye ramani bila kucheka.

Nilifika karakana ya matofali na vigae ya Korogwe nikiwa kijana wa Masuguru. Baba yangu alikuwa manamba. Alikuja kukata mkonge kwa mkataba mfupi, akasahau kurudi kwao. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Siku ya pili nikapewa ufagio ule ule, lakini nikaambiwa nifagie kuelekea upande wa pili. Karani aliniambia kwamba hayo ndiyo mafunzo.

Mafunzo ya kweli niliyapata kwa Fundi Mhando, Mzigua wa upande wa Handeni, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua tangu ujana na ambazo hazikuona sababu ya kuota tena. Alinifundisha kulowesha kalibu kabla ya kuitia udongo, kuinyunyizia mchanga ili tofali litoke bila ugomvi, na kukata vigae kwa waya badala ya kisu. Zaidi ya yote alinifundisha kuchungulia kitundu cha tanuru. Moto ukiwa mwekundu kama pilipili mbivu, bado. Ukiwa wa rangi ya chungwa, usiende mbali. Ukiwa kama nyama ya embe, ziba milango yote ya tanuru uende ukale. Aliamini kwamba mtu anayeuliza "kwa nini" kabla ya kula ana njaa tu, na akishakula swali litapona.

Mimi nilikuwa na maswali hata baada ya kula. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyokuja yamefungiwa misumari. Kwa hiyo msamiati wangu ulikuwa mzuri sana upande wa mbio za farasi na matangazo ya vifo, na kwa elimu hiyo nikawa mkalimani wa karakana. Fundi aliniita Mwalimu. Hakuwa akinisifu.

Miaka mingi ikapita ya matofali, vigae, matofali. Kisha vita vya pili vya dunia vikaisha, wazungu wapya wakaja, na mmoja wao ndiye huyo wa sanduku la viatu. Tulimwita Bwana Pembe kwa sababu aliamini kwamba kila kona ya dunia inapaswa kuwa na pembe mraba, na alitembea na kipimo cha chuma mfukoni ili kuihakikishia dunia jambo hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu, alikula muhogo wetu, na alijifunza Kiswahili cha kutosha kuagiza chai na kujutia kuiagiza. Alikuwa amechora jengo jipya lenye paa bapa la baraza la Handeni, wanamokaa majumbe waliowekwa na serikali kutawala vijiji, na mbele yake alitaka isimame ile sanamu, iliyotengenezwa kwa udongo wa hapa hapa, siku mkubwa wa jimbo atakapokuja kufungua jengo.

Tukaanza. Udongo wa karakana yetu ni mzuri kwa matofali. Una mchanga wa kutosha, na una vijiwe vidogo vya chokaa ambavyo kwenye tofali nene havimsumbui mtu. Kwenye ukuta mwembamba, kijiwe cha chokaa kikishaungua hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na hurusha kipande cha ukuta. Tulijaribu kuuchekecha udongo. Tulijaribu kuuloweka. Bwana Pembe alijaribu kuutazama kwa ukali.

Sanduku la kwanza lilitoka tanuruni na pembe nne, kila moja ikielekea wilaya yake. La pili lilitoka limenyooka kabisa, na baada ya siku chache likaanza kubanduka madoa madoa kama aliyepona ndui. La tatu lilipasuka ndani ya tanuru, na katika kuaga dunia likachukua pamoja nalo vigae vya nyumba ya stesheni huko Mombo. Bwana Pembe aliandika ripoti juu ya ubaya wa udongo. Juu ya ubaya wa ramani nadhani karatasi ilimwishia.

Sasa, kivulini karibu na tanuru palikuwa na mtungi wetu wa maji ya kunywa. Mchana mmoja Bwana Pembe alikunywa maji, akarudisha kata, halafu akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama kengele. Akapima unene wa mdomo wake. Akauliza kwa Kiswahili, kwa hiyo sikuweza kumsaidia mtu yeyote:

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa dada yangu!" Fundi Mhando akajibu, kifua mbele. "Handeni nzima hakuna anayemfikia. Udongo wao hauna jiwe hata moja, ni laini kama uji wa mgonjwa. Upo pale pale kijijini, kwenye kijito..."

 Nilimwona akisikia mwenyewe alichokuwa amekisema.

Wasiotoka upande huo lazima niwaeleze. Kijijini kwa kina Mhando, kwenye njia ya Handeni, ufinyanzi ni kazi ya wanawake kuanzia shimoni hadi sokoni. Mwanamume hakanyagi penye shimo la udongo, wala hakaribii mahali vyungu vinapochomwa. Akikaribia, vyungu hupasuka, na yeye hulipa faini. Shimo lenyewe halizidi chumba cha kulala kwa ukubwa, nalo liko ukingoni mwa kijito ambacho hukumbuka kuwa na maji wakati wa masika tu. Lakini ile ni nchi kavu; mahindi huota yakipenda, na aghalabu hayapendi. Shimo halijawahi kuwanyima. Chumvi, kaniki, dawa, ada ya mtoto shuleni, vyote vilitoka shimoni humo kwa njia ya vyungu, na Bi Mwantumu, dada yake Fundi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafinyanzi wote wa pale.

Na Bwana Pembe alikuwa tayari ameidhinishiwa fedha za machimbo mapya ya udongo: barabara, lori, na wachimbaji kumi. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kuchimba. Fedha za serikali zilizokwisha kuidhinishwa ni kama ng'ombe waliofunguliwa zizini: lazima wale shamba la mtu.

Tulikwenda kesho yake. Njia nzima Fundi Mhando hakusema neno, na kwa kuwa lori lilikuwa linaruka, alikuwa na kisingizio. Bi Mwantumu tulimkuta uani kwake na wenzake watano, anasugua chungu kwa kokoto ya mtoni. Alikuwa mrefu kuliko kaka yake na alipenda jambo hilo lionekane.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Kisha akamgeukia kaka yake. "Kaka. Umetumwa au umejituma?"

"Nimetumwa," akasema Fundi, akitazama viatu vyake.

"Na mdomo wako, nao umetumwa?"

Wale wengine wakaangua kicheko. Fundi Mhando, aliyekuwa akiwafokea wanaume thelathini kila asubuhi, akaomba maji ya kunywa. Akaambiwa mitungi yote ina wenyewe.

Bwana Pembe akafunua sanduku la viatu na kueleza tena, mikono ikipanda na kushuka. Nikafasiri. Bi Mwantumu akakitoa kile kitu cha plasta, akakipindua chini juu, akachungulia kwenye mipasuko.

"Kinabeba maji?"

"Hapana, shangazi."

"Kinapika?"

"Hapana."

"Kinahifadhi nafaka?"

"Hapana. Kinasimama tu mbele ya baraza."

"Aa," akasema Bi Mwantumu, "basi ni jumbe."

Ua mzima ulicheka mpaka kuku wakakimbia. Bwana Pembe, aliyekuwa anatabasamu ili asibaki nyuma, akaniuliza amesema nini. Nikamwambia kwamba bibi amekielewa.

Lakini Bwana Pembe alipofika kwenye habari ya lori, kicheko kilikufa. Nilifasiri barabara, wachimbaji kumi, na kwamba karakana nzima ya Korogwe itaweza kutumia udongo ule kwa vigae vyake. Mama mmoja aliacha kusugua chungu chake. Bi Mwantumu alikirudisha kile kitu cha plasta sandukuni.

"Lori moja linajaa kwa udongo wa mwaka mzima wa kazi yetu," akasema. "Malori kumi, hakuna shimo. Mwambie hivyo."

Nikamwambia. Bwana Pembe akasema kwamba watapewa fidia. Nikafasiri. Bi Mwantumu akauliza fidia itafinyangwaje. Hilo nalo nikalifasiri, na Bwana Pembe akavua kofia na kuiangalia ndani, kama kwamba huenda jibu lilikuwa humo.

"Msikilize," akasema yule bibi. "Wanaume wako wamejaribu wameshindwa, si ndiyo? Basi tupe kazi hiyo sisi. Tutachimba wenyewe, tutafinyanga wenyewe, tutachoma wenyewe. Masanduku yote matano yakitoka mazima, lori lako lisije hapa, mwaka huu wala mwingine. Yakipasuka, chukua shimo."

"Dada!" Fundi Mhando akashtuka. "Hujawahi kufinyanga kitu chenye kona."

"Wewe nyamaza. Umeshaongea vya kutosha mwaka huu."

Bwana Pembe alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu mbili: alikuwa amechoka na masanduku yanayopasuka, na alikuwa ameanza kuona kichwani picha ya sanaa ya kisasa ikifinyangwa na wenyeji, jambo ambalo huko kwao, nilielezwa, husifiwa sana na watu ambao hawajawahi kubeba mtungi. Akatoa ramani. Bi Mwantumu akairudisha, akachukua sanduku la viatu.

Mimi niliachwa kijijini kuwa msimamizi. Kwa kuwa sikuruhusiwa shimoni wala mahali pa kuchomea, usimamizi wangu ulikuwa wa kukaa njiani chini ya mgunga na rula. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa heshima kubwa hivyo kwa jasho kidogo hivyo.

Fundi Mhando alikuwa amesema kweli kuhusu kona. Bi Mwantumu alijenga sanduku la kwanza uani kwake, mbele ya macho yangu, kama anavyojenga chungu, kwa kuviringisha udongo na kupandisha duara juu ya duara, halafu akaupigapiga uwe mraba. Lilikaa mraba mpaka alipogeuka. Aliporudi lilikuwa limeshusha pumzi na kutoa tumbo.

"Linataka kuwa chungu," akasema kwa hasira. "Na mimi naliunga mkono."

Nilimletea mbao za karakana, zile tunazokandamizia vigae, na vigae vibovu vilivyosagwa vya kuchanganya na udongo ili usinywee sana unapokauka. Alizitazama mbao kana kwamba nimemletea mguu wa bandia. Alizitumia. Kuta zikanyooka. Hakunishukuru, lakini siku hiyo nilipewa ugali wenye mboga.

Walichoma la kwanza na la pili pamoja, nyuma ya kichaka cha miiba, kwa kuni, magome na nyasi. Mimi nilikuwa njiani na rula yangu. Moshi ulipanda mweupe, ukawa wa kijivu, kisha tukasikia mlio kama bunduki, na mwingine. Bi Mwantumu alitoka kichakani uso umejaa masizi.

"Mwanamume gani amekuja?"

"Si mimi, shangazi. Wallahi sijainuka hapa."

"Siulizi anayekaa. Nauliza aliyekuja."

Nilikuwa na maelezo yangu tayari. Kona za masanduku zilikuwa nene kuliko kuta, unyevu ulikuwa bado umo ndani; mtu anaweza kuyaeleza hayo bila kumhusisha mwanamume yeyote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo pale kichaka cha upande wa pili kilipotikisika, na Bwana Pembe akatoka akiwa na kamera shingoni na miiba kila mahali penginepo. Alikuwa ameacha lori mbali, akatambaa, ili apate picha za kazi ikifanyika kiasili.

Nikafunga mdomo wangu na maelezo yangu ndani yake.

Hakuna aliyempigia kelele. Wanawake walimzunguka, wakamwangalia, na huyo mtu mwenye shahada alikuwa mwekundu kuliko moto wowote niliowahi kuuchungulia. "Mwambie ni kosa langu," akaniambia. Bi Mwantumu akamtoza mbuzi mmoja na doti ya kaniki, akasema kwamba masanduku yaliyopasuka kwa kosa la mwanamume hayahesabiwi kwenye mapatano. Bwana Pembe akakubali hayo yote, akaenda mwenyewe soko la Handeni kununua mbuzi, na akapunjwa, jambo lililorudisha amani kijijini.

Kuanzia siku hiyo aliamini mwiko ule kuliko waliouweka. Walipochoma mara ya pili alikuja kukaa nami njiani, akiwa na kiti cha kukunja, na kila mwanamume aliyepita na baiskeli alimzungusha kwa njia ya mbali. Muuza samaki wakavu alizungushwa. Mwalimu wa madrasa alizungushwa. Kisha likaja gari la Bwana DC mwenyewe, aliyekuwa amesikia kwamba fedha za machimbo hazijatumika na alitaka kuona kulikoni.

Bwana Pembe akasimama katikati ya barabara, mikono imetandazwa.

Walizungumza kwa Kiingereza, nami nawapa maana tu. DC alisema anataka kupita. Bwana Pembe alisema haiwezekani, ni mila. DC aliuliza ni mila ya nani. Bwana Pembe akamkumbusha kwamba serikali, kwa maneno ya DC mwenyewe mbele ya majumbe wote, inaheshimu mila za wenyeji. DC akafikiri. Lilikuwa kweli neno lake, na alikuwa amelisema kwa sauti kubwa. Basi akaketi juu ya boneti ya gari, juani, akaheshimu mila za wenyeji mpaka alasiri.

Hakukuwa na mlio wa bunduki. Jioni Bi Mwantumu alitoka na wenzake wakiwa wamebeba masanduku kwa machela za fito, moja baada ya moja, matano, wakayapanga barabarani. Bwana Pembe aliyaendea. Nikaona mabega yake yakishuka.

Yalikuwa meusi. Yeye alitaka meupe kama plasta yake. Lakini wanawake wale wakishatoa chungu motoni hukimwagia maji ya magome kikiwa bado cha moto, ili kisivuje, na hawakuona kwa nini masanduku yanyimwe huduma hiyo. Yalikuwa na madoa meusi na ya kahawia kama ngozi ya chui mchafu. Si hayo tu. Kwenye ramani masanduku hayakuwa na chini wala juu, ni kuta tupu; haya yalikuwa na sakafu madhubuti, na juu yalikuwa na mdomo uliokunjwa vizuri, kwa sababu hakuna mfinyanzi wa pale ambaye angetoa uani kwake kitu kisicho na mdomo. Na badala ya miguu minne kulikuwa na mafiga matatu manene.

"Alitaka minne," nikamnong'oneza Bi Mwantumu.

"Kitu cha miguu minne hutikisika. Nani alishawahi kupika kwenye mafiga manne?"

Bwana Pembe alizunguka masanduku. DC alitazama saa yake. Hapo kila mtu alijua shimo liko wapi: lilikuwa mdomoni mwa mtu yule mmoja. Angesema kwamba hicho sicho alichoagiza, na angekuwa anasema kweli, na lori lingekuja wiki ile ile.

Bi Mwantumu alichuchumaa, akagonga la kwanza kwa kifundo cha kidole. Likalia. Akagonga la pili, la tatu, la nne, la tano. Yote yakalia.

"Muulize. Ni mazima au si mazima?"

"Ni mazima," akajibu Bwana Pembe kwa Kiswahili. "Lakini mimi nilitaka rangi nyeupe."

"Ulisema si kitu chochote," akasema Bi Mwantumu. "Kitu ambacho si kitu chochote kina rangi gani?"

Hili nililifasiri neno kwa neno, bila kufupisha. Bwana Pembe alilisikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa Kiswahili na mara ya pili kutoka kwangu. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, nacho, kwa kuwa kilikuwa na miguu minne, kikatikisika. Akasimama na kumpa Bi Mwantumu mkono.

"Lori halitakuja," akasema. DC alilisikia. Hilo ndilo lililokuwa muhimu.

Sanamu ilisimamishwa Handeni, na siku ya ufunguzi kila mtu alikuwa na maoni. Mzee mmoja alisema ni banda la njiwa. Mwingine alisema ndimo kodi itakapokuwa ikitumbukizwa. Mwalimu wa madrasa alikuja na wasiwasi wake juu ya masanamu, akaizunguka akitafuta jicho, pua au sikio, asipate, akaipitisha. Kwa hiyo kutokuwa kitu chochote kuliwahi kufaa mara moja. Mkubwa wa jimbo aliitazama, akasema kwamba ina nguvu, akaenda kunywa chai.

Kisha masika yakaanza. Lile paa bapa la kisasa lilimwaga maji yake yote kwa mdomo mmoja, na mdomo huo ulikuwa juu ya sanamu kabisa. Kila sanduku lilikuwa limechomoza kiasi cha kuacha nusu ya mdomo wake wazi. Likajaa la juu, likamwagikia la pili kupitia mpasuko wake, la pili likamwagikia la tatu, na asubuhi yake kulikuwa na foleni ya wanawake na madebe mbele ya baraza. Mnaijua Handeni na maji. Tangu wakati huo hakuna aliyeuliza tena ile sanamu ni nini. Bwana Pembe alikwenda kuona, akasimama kwenye matope, kipimo cha chuma mfukoni. Hakukitoa.

Wafinyanzi walilipwa bei ya mitungi mitano mikubwa, kwa sababu ofisini hakukuwa na bei ya kitu kisicho kitu chochote. Fundi Mhando, ambaye hakuthubutu tena kuugusa mtungi wa dada yake, alikunywa maji kwa kopo la bati mwaka mzima, mpaka siku alipokuta mtungi mpya umewekwa kivulini karibu na tanuru, bila salamu yoyote. Aliugonga, ukalia, akageuka kando kidogo. Alisema ni moshi. Tanuru lilikuwa limezimwa.

Na shimo bado lipo, bado ni la ukubwa wa chumba, nami bado sijaliona. Ahadi ya Bwana Pembe ililisaidia, lakini Bwana Pembe alihamishwa, na ahadi husafiri na mwenye nayo. Kilicholilinda baada yake ni hiki. Mwaka wa fedha ulipokwisha, kabla hajahamishwa, Bwana Pembe aliulizwa ziko wapi fedha za machimbo: barabara, lori, wachimbaji kumi. Akajibu kwamba ameziokoa. Ofisi ya juu haikuwa imewahi kusikia neno hilo kutoka Korogwe. Ikampongeza, ikampongeza na DC, na DC akaipokea pongezi kana kwamba aliketi juani siku ile kwa makusudi hayo. Tangu hapo kila bwana mpya aliyekuja na wazo la kuchimba pale alikuta kwamba wakubwa wake walishasifiwa kwa kutochimba. Kuomba tena fedha zile kungekuwa kusema kwamba sifa ile ilikuwa ya uongo, na hakuna bwana aliyejaliwa ushujaa huo. Kwa hiyo wazee wangu mabingwa wa udongo, Mhando na dada yake, pamoja na elimu yangu ya mbio za farasi, hatukulilinda shimo lile kama lilivyolindwa na akiba ya shilingi elfu mbili mia nne na kumi na sita, na senti sabini.